Kwa Wakhasi, mgeni hulazwa katika nyumba ya mama

MGENI anayefika jioni katika kijiji cha Nongriat, kusini mwa jimbo la Meghalaya nchini India, huwa ameteremka zaidi ya vidato 3,000 vya mawe kutoka kijiji cha Tyrna kilichoko juu ya bonde. Hakuna gari linalofika huko. Magoti humtetemeka, jasho humtiririka na, iwapo ni msimu wa mvua, nguo zake zote huwa zimelowa.

Huko chini hakuna hoteli ya ghorofa wala mhudumu aliyevaa sare. Mgeni hulala kwa wenyeji. Hupewa kitanda, chandarua na sahani ya wali, na kabla ya hayo yote, kwa desturi, huletewa kipande cha popoo pamoja na jani la tambuu lililopakwa chokaa.

Utaratibu huu wa watalii kulala katika nyumba za familia umeenea katika vijiji vingi vya Wakhasi, jamii ya watu takriban milioni 1.4 wanaoishi katika milima ya Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Vijiji kama Nongriat, Mawlynnong na Kongthong vimejulikana mbali kutokana na ukarimu huo.

Lakini kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalitambui siku ya kwanza. Mzee anayewapokea mlangoni na kuwaonyesha pa kuweka mizigo, aghalabu si mwenye nyumba hiyo. Yeye mwenyewe alihamia pale alipooa. Mwenye kuitunza nyumba ni mkewe, na atakayeirithi ni binti yao aliyezaliwa mwisho.

Bila kulielewa hilo, mgeni anaweza kukaa wiki nzima katika nyumba ya Wakhasi na asijue amelala wapi.

KITINDA MIMBA NDIYE MRITHI

Wakhasi hufuata nasaba ya kuukeni. Mtoto huchukua jina la ukoo wa mamaye, wala si la babaye. Watu wa ukoo mmoja, ambao kwa Kikhasi huitwa 'kur', hawaruhusiwi kuoana hata kama hawajawahi kuonana, kwa sababu huhesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja, wazao wa bibi mmoja wa kale.

Katika kila familia, binti kitinda mimba huitwa 'ka khadduh'. Yeye ndiye hubaki katika nyumba ya wazazi ilhali dada zake wakubwa huondoka baada ya kuolewa na kujenga makao yao, mara nyingi karibu na hapo. Mumewe humfuata na kuishi naye huko.

Wengi husikia habari hizi na kudhani kwamba binti huyo ameokota dodo chini ya mnazi. Ukweli ni tofauti. Nyumba anayoirithi ni amana zaidi kuliko mali yake binafsi. Hawezi kuiuza apendavyo bila kuwashauri ndugu zake na wajomba zake. Anatakiwa kuwatunza wazazi wake hadi kufa kwao. Kaka aliyeachana na mkewe, dada aliyefiwa na mume au mjomba mgonjwa asiye na wa kumwuguza, wote wana haki ya kurudi chini ya paa hilo na kupewa chakula.

Familia isiyojaliwa binti huweza kumchukua msichana kutoka kwa jamaa wa karibu wa ukoo ili aishike nyumba. Kwa Wakhasi, kuzimika kwa ukoo kwa kukosa mwanamke wa kuuendeleza ni msiba mkubwa.

Hata hivyo, ni makosa kusema kwamba wanawake ndio watawala wa Wakhasi. Kijadi, mwenye sauti katika mambo mazito ya familia ni mjomba, yaani kaka ya mama, ambaye huitwa 'u kñi'. Mabaraza ya vijiji nayo yalikuwa ya wanaume pekee, ijapokuwa baadhi ya maeneo yameanza kuwashirikisha wanawake. Urithi hupitia kwa mwanamke, lakini amri kwa muda mrefu imekuwa mikononi mwa kaka yake.

Kwa wasomaji wa Kenya, hali hii si ngeni kabisa. Miongoni mwa Wadigo wa pwani ya kusini, mpwa alikuwa akimrithi mjomba wake kabla ya sheria za Kiislamu na za serikali kubadilisha mengi. Wazee wa Kwale wakisimuliwa habari za Wakhasi hawatashangaa sana.

TAMBUU KABLA YA CHAKULA

Popoo, tambuu na chokaa, ambazo kwa pamoja Wakhasi huziita 'kwai', ndizo salamu ya kwanza ya nyumba. Wakazi wa Lamu na Mombasa wanaujua uraibu huo, maana tambuu imetafunwa katika mwambao wa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi na imeandamana na sherehe za arusi.

Tofauti ni kwamba popoo ya Wakhasi mara nyingi huliwa ikiwa mbichi au baada ya kuchachushwa, na huwa kali. Asiyeizoea husikia joto likimpanda usoni, jasho likamtoka na kichwa kikamzunguka. Wenyeji hucheka, kisha humpa maji.

Iko hadithi ya kale inayoeleza kwa nini kila nyumba ya Wakhasi huwa na kwai. Inasimuliwa kwamba palikuwa na marafiki wawili waliopendana tangu utotoni, mmoja akawa tajiri na mwingine akawa fukara. Fukara alikwenda mara nyingi kwa mwenzake, akala na kunywa. Siku moja tajiri naye akaamua kumtembelea rafiki yake.

Siku hiyo chunguni hamkuwa na kitu. Mke wa fukara alizunguka kwa majirani akiomba walau punje za mchele, akarudi mikono mitupu. Kwa aibu ya kushindwa kumkaribisha mgeni, mume akajiua, na mke akamfuata. Tajiri alipogundua kwamba ziara yake ndiyo iliyowaua, hakuweza kuendelea kuishi. Hata mwizi aliyekuwa amejificha humo nyumbani akajiua kwa kuogopa kwamba angeshtakiwa kwa mauaji.

Mungu, kwa mujibu wa hadithi hiyo, aliwageuza marafiki hao na mke kuwa popoo, tambuu na chokaa, na mwizi akawa tumbaku. Tangu hapo tajiri na maskini wakawa na kitu kimoja, kidogo na cha bei nafuu, cha kumpa mgeni. Hakuna tena mwenyeji atakayeaibika kwa kukosa chakula.

Hadithi hiyo ndiyo msingi wa ukarimu wa Wakhasi. Mgeni akaribishwe, ila asigeuke mzigo wa kumdhalilisha mwenyeji.

Kwai imeingia hata katika hesabu za njia na katika lugha ya msiba. Mwingereza P.R.T. Gurdon, aliyechapisha kitabu kuhusu Wakhasi mnamo 1907, aliandika kwamba watu wa milima hiyo walipima umbali wa safari kwa idadi ya popoo zinazotafunwa njiani. Aliyefariki naye husemwa kwamba amekwenda kutafuna kwai katika nyumba ya Mungu.

Pamoja na hayo, afya ina neno lake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiorodhesha popoo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Mgeni asiyetaka kutafuna anaweza kukataa kwa upole, na kikombe cha chai kitashika nafasi yake.

MLO, MVUA NA MADARAJA YALIYO HAI

Chakula cha nyumba hizo ni wali, asubuhi na jioni. 'Jadoh' ni wali uliopikwa kwa nyama ya nguruwe, mara nyingi pamoja na damu yake. 'Dohneiong' ni nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa ufuta mweusi. 'Tungrymbai' ni soya zilizochachushwa, zenye harufu nzito inayomwingia mtu puani kabla hajaketi, na 'tungtap' ni kitoweo cha samaki wakavu waliosagwa kwa pilipili. Chai hunywewa ya rangi, bila maziwa.

Kutokana na nafasi ya nyama ya nguruwe katika vyakula hivyo, Mwislamu au mtu asiyekula nyama anapaswa kumjulisha mwenyeji mapema. Mboga, mayai, dengu na samaki hupatikana, lakini si haki kumwambia mama jambo hilo chakula kikiwa tayari mezani.

Mgeni humwita mwanamke aliyemzidi umri 'Kong', na mwanamume 'Bah', kama vile Mswahili anavyosema dada na kaka kwa heshima. Neno 'khublei' ni shukrani, ni baraka, na pia ni buriani. Anayejua maneno hayo matatu huwa amefunguliwa nusu ya mlango.

Kina mama wa huko hubeba kuni na mazao katika kikapu chenye umbo la pia kiitwacho 'khoh', ambacho ukanda wake hupita kichwani na kuacha mzigo mgongoni, jinsi akina nyanya wa Mlima Kenya wanavyobeba kuni zao. Mvua inaponyesha, mkulima huvaa 'knup', ngao ya mianzi na majani ifunikayo kichwa na mgongo, ili mikono yake iwe huru kufanya kazi.

Na mvua hunyesha kwelikweli. Mji wa Sohra, ambao wengi huujua kama Cherrapunji, ndio wenye rekodi ya dunia ya mvua ya miezi 12 mfululizo, milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861. Kijiji jirani cha Mawsynram hupata wastani wa takriban milimita 11,870 kwa mwaka. Nairobi hupata kama milimita 1,000 tu.

Mvua hiyo ndiyo iliyowafundisha Wakhasi wa mabonde ya kusini kuotesha madaraja. Daraja la mbao huoza, na mito hufurika hata isivukike. Kwa hivyo wazee walipanda miti ya mpira ya jamii ya mkuyu kandokando ya mito, wakaielekeza mizizi yake ng'ambo kwa kuipitisha ndani ya magogo ya mipopoo yaliyotobolewa au juu ya mianzi. Mizizi ikishashika udongo wa upande wa pili, hunenepa na kusukana.

Kazi hiyo huchukua miaka 15 na zaidi kabla ya daraja kuweza kubeba watu bila wasiwasi. Kinyume na daraja la chuma, hili huzidi kuwa imara kadiri linavyozeeka, na mengine yanaaminika kudumu kwa mamia ya miaka. Huko Nongriat liko lenye ghorofa mbili, moja juu ya jingine. Mnamo 2022, madaraja hayo, yaitwayo 'jingkieng jri', yaliingizwa katika orodha ya awali ya India ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Turathi ya Dunia chini ya Shirika la Unesco.

Kijiji cha Kongthong nacho kina desturi yake. Huko mama humtungia kila mtoto wake mwimbo mfupi usio na maneno, ambao ndio jina lake la pili. Uko mrefu wa kumwita mtu aliye mbali msituni na uko mfupi wa kutumia nyumbani. Desturi hiyo huitwa 'jingrwai iawbei', mwimbo wa kumuenzi bibi aliyeanzisha ukoo. Mtu akifa, mwimbo wake hufa naye, maana haupewi mwingine. Mwaka 2021 India ilikiteua Kongthong kuwa miongoni mwa vijiji vyake vitatu vya kuwania tuzo ya vijiji bora vya utalii ya Umoja wa Mataifa.

Mgeni anayelala Kongthong huamshwa na akina mama wakiita watoto wao kwa miluzi na sauti kutoka nyumba hadi nyumba. Anayefika mchana kwa gari na kuondoka baada ya saa moja, aghalabu husikia tu anachoonyeshwa.

ARDHI ISIYOUZWA KWA MGENI

Si kwa bahati tu kwamba biashara hii imebaki mikononi mwa wanakijiji. Sheria ya Uhamishaji wa Ardhi ya Meghalaya ya mwaka 1971 inazuia ardhi ya makabila ya jimbo hilo kuuziwa mtu asiye wa makabila hayo bila idhini. Tajiri wa Delhi au Mumbai hawezi kuja Nongriat, akanunua ukingo wa mto na kujenga hoteli.

Katiba ya India nayo, kupitia jedwali lake la sita, imeyapa makabila hayo mabaraza ya wilaya yenye uwezo wa kutunga sheria kuhusu ardhi, misitu, ndoa na urithi.

Wakhasi wana sababu ya kuwa macho. Katika miaka ya 1820, afisa Mwingereza David Scott alimwomba Tirot Sing, mtawala wa Nongkhlaw, ruhusa ya kupitisha barabara milimani ili kuunganisha tambarare za Assam na Sylhet, ambayo leo imo Bangladesh. Ruhusa ikatolewa. Baadaye Tirot Sing akabaini kwamba waliopewa njia walikuwa na nia ya kuwa mabwana. Mnamo Aprili 1829 vita vikazuka, vikaendelea hadi alipokamatwa mwaka 1833. Alifia kizuizini Dhaka mwaka 1835.

Kumbukumbu ya mgeni aliyeomba njia akataka nchi haijasahaulika. Ndiyo maana utalii wa kulala nyumbani umekubalika kwa urahisi kuliko aina nyingine: mgeni hulipia usiku wake, hula, hushukuru na kuondoka, na nyumba hubaki ilipokuwa.

Kiuchumi, faida yake iko wazi. Maeneo hayo hutegemea kilimo cha popoo, tambuu, machungwa, mananasi, asali na nyasi za kutengenezea fagio. Mazao hayo hubebwa mgongoni kupanda vilima kabla ya kufikia soko. Mgeni, kwa upande wake, hujileta kwa miguu yake mwenyewe, na pesa zake huingia moja kwa moja jikoni kwa mama.

BARAZA LA KIJIJI

Hata hivyo, mwenye nyumba hana uhuru wa kufanya atakavyo. Kila kijiji kina baraza lake liitwalo 'dorbar shnong', chini ya kiongozi aitwaye 'rangbah shnong'. Baraza ndilo huamua kuhusu usafi, ada za kuegesha magari, kelele za usiku na mahali ambapo wageni hawaruhusiwi kuogelea.

Mfano unaotajwa sana ni Mawlynnong, takriban kilomita 90 kutoka mji mkuu wa jimbo, Shillong. Mnamo 2003, jarida la Discover India lilikitaja kuwa kijiji safi zaidi barani Asia. Vikapu vya taka vya mianzi vimetundikwa kando ya kila njia, majani yaliyodondoka huokotwa na kugeuzwa mbolea, na wakazi, watoto wakiwemo, hufagia njia zao kila siku.

Usafi huo haukuanzishwa kwa ajili ya watalii. Ulikuwa utaratibu wa kijiji kabla ya jarida lolote kufika. Ila sifa zilipoenea, magari ya wageni wa mchana yakaanza kufurika. Kijiji cha nyumba zisizofika hata 200 kikajikuta kikipokea umati wa watu wanaopita, wakipiga picha madirishani na kuacha chupa za plastiki.

Hapo ndipo tofauti kati ya mgeni wa mchana na mgeni anayelala huonekana. Wa kwanza hulipa ada ya gari, hula chakula cha haraka na kwenda zake. Wa pili hujua jina la mama mwenye nyumba, huona maji yanakotekwa na, akitupa takataka, atakutana asubuhi na mtu anayeiokota.

Suala la maji si dogo. Sehemu zile zile zinazoongoza duniani kwa mvua hukumbwa na uhaba wa maji wakati wa kiangazi, baina ya Novemba na Machi, kwa sababu mvua hutiririka yote kuelekea tambarare za Bangladesh. Miezi hiyo ndiyo yenye watalii wengi, maana njia huwa kavu. Ndoo mbili anazojimwagia mgeni huenda zimebebwa na binti wa nyumba kutoka chemchemi iliyo bondeni.

MZIGO WA BINTI

Hili linarejesha mazungumzo kwa kitinda mimba. Kwa vizazi vingi amebeba wajibu wa nyumba bila kuwa na pato la kutosha kuutekeleza. Vijana wengi wamekimbilia Shillong na miji mingine kutafuta elimu na kazi. Binti anayetakiwa kubaki nyumbani hujikuta njia panda: akiondoka, wazazi na paa la ukoo vitabaki na nani? Akibaki, atakula nini?

Chumba cha wageni kimempa baadhi yao jibu. Anaweza kubaki na kuwauguza wazazi wake huku akipata riziki pale pale. Familia nyingi huongeza chumba kimoja au viwili kando ya nyumba kuu, ili wageni wawe na faragha na wazee wasisumbuliwe.

Lakini jibu hilo lina gharama. Kupika, kufua mashuka, kuchota maji na kuamka alfajiri kumpa mgeni chai, zote ni kazi zinazomwangukia mwanamke yule yule. Aidha, wageni wanapozidi, huja kishawishi cha kujenga chumba cha tatu, cha nne na cha tano, hadi nyumba ya ukoo ikose nafasi ya kumpokea kaka aliyerudi kutoka mjini akiwa hana kitu. Siku hiyo itakapofika, nyumba itakuwa imegeuka hoteli hata kama hati ya ardhi haijabadilika.

Wakati huo huo, wako Wakhasi wanaopinga mfumo wenyewe. Mnamo 1990, kundi la wanaume lilianzisha chama cha Syngkhong Rympei Thymmai mjini Shillong, likidai kwamba mwanamume asiye na urithi wala watoto wanaobeba jina lake hukosa msukumo wa kuwajibika. Mwaka 2021, uongozi wa Baraza la Wilaya la Milima ya Khasi ulitangaza mpango wa mswada wa kugawa mali ya wazazi kwa usawa baina ya ndugu wote, wa kike na wa kiume.

Wanaounga mkono mabadiliko husema ni haki, na kwamba vijana wa kiume wangepata dhamana ya kuombea mikopo ya benki. Wanaopinga huuliza swali moja: nyumba ikigawanywa mafungu sita, ni fungu lipi litakalompokea mama mzee, dada mjane na mjomba mgonjwa?

Swali hilo linamhusu hata mgeni. Ukarimu anaoufurahia umejengwa juu ya nyumba ambayo mlango wake haufungiwi jamaa. Wageni wa kulipia wamekuja kuketi mahali ambapo tangu zamani palitengwa kwa wenye shida.

YA KUZINGATIA

Anayetaka kufika huko kutoka Nairobi anaweza kusafiri kwa ndege hadi Mumbai au Delhi, kisha Guwahati katika jimbo la Assam. Kutoka Guwahati hadi Shillong ni takriban kilomita 100 kwa barabara. Magari ya kuchangia nauli, yanayoondoka yakijaa kama matatu, huendelea hadi Sohra na vijiji vingine.

Novemba hadi Machi ni miezi mizuri kwa wasiotaka kulowa. Juni hadi Septemba ni ya mvua kubwa, ambapo maporomoko ya maji hupendeza mno na vidato huteleza mno.

Wengi wa Wakhasi ni Wakristo. Wamishonari kutoka Wales walifika Sohra mwaka 1841, akiwemo Thomas Jones aliyeiandika lugha ya Kikhasi kwa herufi za Kirumi. Kwa hivyo Jumapili vijiji vingi hunyamaza, maduka hufungwa na wenyeji huenda kanisani. Wako pia wanaoshika dini ya jadi, na misitu yao mitakatifu, kama ule wa Mawphlang, haitolewi hata jani.

Mgeni mwema hulipa alichokubaliana na mwenyeji bila kuvutana, hurudi na plastiki zake mjini, huomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha na hutumia maji kwa uchache. Wakiwa wengi darajani, hupishana, kwa sababu mizizi ile ni mti ulio hai na huumia ikikanyagwa na umati.

Na asubuhi ya kuondoka, kabla ya kuanza kuvipanda vile vidato 3,000, humwaga mama mwenye nyumba na pia binti yake mdogo, hata akiwa bado mtoto wa shule. Huyo ndiye atakayeamua, miaka 20 ijayo, kama katika nyumba hiyo patakuwa na mtu wa kumkaribisha mgeni kwa tambuu.